Tulikwama kwenye peji ya mayai ya chura

Usiku wa tatu binti yangu alikifunga kitabu mimi bado nasoma, tena vidole vyangu vikiwa ndani, akaniambia "mama mi nimemchoka huyu mtu." Huyu mtu mwenyewe ni Wangari Maathai. Nikabaki nimetoa macho. Yaani nimehangaika kutafuta kitabu, picha nzuri hizo, miti ya kijani peji nzima, mwanamke aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, afu mtoto wa miaka saba ananiambia kamchoka!

Kiukweli hakuwa kamchoka Wangari. Alikuwa kanichoka mimi, ila hilo nimekuja kulijua baadae sana, na ndo maana naandika hapa, maana najua kuna wazazi na mashangazi na walimu wengine wako pale pale nilipokuwa mimi.

Nianzie mwanzo. Nina wawili, binti wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Mi mwenyewe napenda kusoma toka zamani, na nilikuwa naumia kuona wanangu wanajua katuni zote ila hawajui jina la mdudu hata mmoja zaidi ya nzi na mbu. Sasa nikagundua kumbe kuna aina hii ya vitabu vya picha, vinasimulia utoto wa mtu ambaye baadae alikuja kuwa mwandishi, na wengi wao utoto wao umejaa mito, miti, kuku, panya, sungura. Nikaona hapa nimepata vyote kwa mpigo, mtoto atapenda kusoma, atapenda kuandika, na atapenda mazingira. Nikaazima vitano maktaba kwa siku moja, viwili nikanunua. Kosa la kwanza hilo, vitabu saba kwa mpigo. Mtoto anakiona kile cha juu, kabla hujamaliza anataka cha chini yake, na wewe unakuwa kama mtu anayekimbizana na tarehe ya kurudisha vitabu. Siku hizi tunakaa na kimoja wiki nzima, wakati mwingine wiki mbili.

La pili, sikusoma kwanza peke yangu. Nilikiangalia kava tu nikasema hiki kizuri. Kumbe vitabu vya picha haviko sawa, kuna ambavyo kila peji ina mstari mmoja na kuna ambavyo peji ina maandishi kama barua ya madai, vya watoto wa miaka kumi kabisa, sema tu vimechorwa. Halafu vyangu vingi vilikuwa vya kiingereza na wanangu nawasomea kwa kiswahili, kwahiyo nilikuwa nasoma sentensi kimoyomoyo, nakuna kichwa, naitafsiri, na wakati nakuna kichwa yule mdogo keshashuka kitandani. Dawa yake niliyoipata ni vile vikaratasi vya kubandika. Napitia kitabu mchana, kila peji nabandika karatasi yenye kiswahili changu, kifupi kuliko kilichoandikwa, na majina ya wanyama nayatafuta mapema. Nilikwama nusu saa nzima na kalunguyeye maana kichwani kwangu lilikuwa linakuja nungunungu tu, na hao ni wanyama wawili tofauti kabisa, mmoja ni mdogo unamkunja kiganjani, mwingine miiba yake inatoboa mguu wa simba.

Lakini hayo madogo. Ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa "unaona?" Kila baada ya peji mbili lazima niseme. Unaona Wangari alikuwa anamsaidia mama yake kuchota maji? Unaona hakuwa na simu lakini alifurahi? Unaona alisoma kwa bidii? Na nilikuwa naharakisha, nataka tufike mwisho, kwenye ile picha ya yeye kavaa vizuri anapewa zawadi, ili nimalizie na ile "na wewe ukijitahidi…" Mtoto siyo mjinga. Akishasikia "unaona" mara tatu anajua hapa siyo hadithi, hapa nasemwa.

Sasa ile peji waliyokuwa wanaitaka wao. Wangari alizaliwa 1940 huko Nyeri, na utotoni kulikuwa na kijito karibu na kwao anakwenda kuchota maji, na humo majini anaona mayai ya chura, yale yanayokaa kama uzi mrefu wenye vidoti vyeusi. Yeye akadhani ni ushanga. Akawa anajaribu kuyanyanyua kwa vidole avae shingoni, kila akinyanyua yanakatika. Baadae anarudi anakuta viluwiluwi maelfu wanajipindapinda kwenye maji.

Basi. Wanangu walitaka kuishia hapo. Mdogo anauliza yanateleza? Yanakatikaje? Ukivaa shingoni chura anazaliwa hapa (anashika shingo)? Dada yake anauliza mama yake chura yuko wapi, kwanini kayaacha. Na mimi, siku zile tatu za mwanzo, nilikuwa najibu "ngoja tutafika," nafunua, tunaenda kwenye shule, chuo, Marekani, mwaka 1977 kuanzisha harakati ya Ukanda wa Kijani, miti mamilioni. Ndo usiku ule wa tatu kitabu kikafungwa.

Nilinuna kidogo, nikawalaza, nikakaa sebuleni na simu kutafuta hotuba yake ya Oslo ya kupokea ile Nobel, nikidhani nitapata maneno ya kumshawishi binti yangu. Nikasoma mpaka mwisho. Aisee. Mwishoni kabisa, mbele ya wafalme na wakubwa wote wale, yule mama anarudi kwenye kijito. Anasimulia yale yale mayai ya chura, vile alivyodhani ni shanga, vidole vyake vidogo, viluwiluwi weusi kwenye maji masafi. Anasema kile kijito kimekauka, kina mama wanatembea mbali kutafuta maji, na kazi iliyobaki ni kuwarudishia viluwiluwi makazi yao.

Yaani mimi nilikuwa nawakimbiza watoto watoke kwa vyura wafike kwenye Nobel, na mwenye Nobel yake alipofika kule alirudi kwa vyura. Nilicheka peke yangu, afu nikaona aibu.

Kesho yake nikawaambia leo tunasoma peji moja tu. Tulikaa dakika ishirini. Sikuuliza swali hata moja, nilijibu tu ninayoyajua na nisiyoyajua nikasema sijui. Nilipowaambia kwamba kile kijito kilikuja kukauka, binti yangu akanyamaza muda mrefu, akauliza "na vyura wakaenda wapi?" Nakuhakikishia hakuna "unaona" yoyote duniani ingemfikisha kwenye hilo swali.

Kuanzia hapo nikaanza kuvisoma vile vingine kwa jicho lingine. Mfano utoto wa Jane Goodall, yule aliyekuja kukaa na sokwe Gombe mwaka 1960 na kuandika vitabu vingi, vingine vya watoto. Alizaliwa 1934, na alipokuwa na miaka minne na kitu alitaka kujua yai linatokea wapi kwenye kuku, maana tundu la ukubwa ule halioni. Akaingia bandani akajificha kwenye majani akatulia masaa karibu manne mpaka akaona kuku anataga. Huku nje wanamtafuta, mpaka polisi kapigiwa simu. Alipotokea mbio, majani kichwani, mama yake hakumgombeza, aliona macho ya mtoto yanawaka, akakaa chini akamsikiliza.

Nilisoma hiyo kwa sauti tamu kabisa, nikatikisa kichwa, mama gani huyu jamani. Siku nne baadae yule mwanangu mdogo haonekani. Nimeita chumbani, bafuni, nje, nimeita kwa sauti ya kawaida, nimeita kwa ile sauti ya pili, moyo unapiga. Nimemkuta nyuma ya pipa la maji, kalala kifudifudi, shati lote tope, shavu karibu liguse ardhi, anaangalia siafu wanavyobeba bawa la kumbikumbi. Wamelisimamisha kama tanga la jahazi. Alinyanyua uso akaanza "mama, huyu mmoja anavuta kurudi nyuma…" na mimi nikamrukia: kwanini huitiki! Angalia ulivyochafuka! Nilimvuta mkono nikampeleka kuoga. Analia, na mimi nasugua. Katikati ya kusugua ndo nikakumbuka banda la kuku. Mwili ulinisisimka.

Nilimwomba msamaha, nikamfunika taulo nikamrudisha nje. Siafu walishaondoka na bawa lao.

Nasema hivi kwasababu watu wanadhani hivi vitabu ni vya watoto. Nusu yake ni vya mzazi, na ukimsomea mtoto kuhusu mama aliyetulia akasikiliza, jua kabisa mtoto kasikia na anategemea. Bora usisome kama siku hiyo huna subira (mimi siku za kufua sisomi kitu chochote chenye matope).

Tukija kwa buibui, hapa cheka taratibu. Kuna mwandishi wa Marekani anaitwa E. B. White, alizaliwa 1899, utoto wake alipenda wanyama kuliko watu, alikuwa mtoto mwoga hasa wa kusimama kuongea mbele za watu, na alipougua aliwahi kumzoea panya mpaka wakawa marafiki. Mwaka 1952 akatoa hadithi ya nguruwe na buibui ambayo inasomwa mpaka leo. Sasa kabla ya kuiandika, akiwa mtu mzima, alikuta buibui kwenye banda shambani kwake katengeneza kifuko cha mayai, akakikata kwa wembe akakiweka kwenye boksi la pipi lenye vitundu akaenda nacho mjini New York, akaliweka juu ya kabati chumbani. Wiki kadhaa baadae vibuibui vikatoka kwenye vitundu vikajaza nyuzi kwenye brashi yake na kioo. Yeye akafurahi, akaviacha.

Mnajua kilichofuata. Binti yangu alikuwa na kopo la plastiki ambalo mimi sina habari nalo, kaliweka kwenye droo ya nguo. Mfuniko katoboa kwa sindano, matundu makubwa mazuri. Siku hiyo nafungua droo kutoa sare ya shule nahisi kama vumbi linatembea kwenye mkono wangu. Vumbi halitembei. Nilipiga ukelele majirani wakaja. Vidogo kama kichwa cha pini, vimefunga nyuzi kutoka soksi hadi soksi, mamia, na mwenye mali kasimama mlangoni machozi yanamlenga anasema usiviue mama, usiviue, yule baba aliviacha.

Hatukuviua. Tulibeba droo nzima mpaka nje tukaiweka chini ya mti siku mbili, na nguo zake. Tuliona vingine vinapanda juu ya ukingo wa droo, vinanyanyua kiuno, vinatoa uzi, upepo unavichukua. Nimekaa miaka yote hii sijui kama buibui wachanga wanaruka kwa uzi. Ila sasa hivi sheria ya nyumbani iko wazi, mayai na viota haviondolewi vilipo, tunaenda sisi kuvitembelea, na siyo kwa ajili ya droo tu, mayai mengi ukiyahamisha hayatoki salama. Ukisoma kitabu ambacho mtoto anakusanya vitu vya porini, ongea hilo mapema, kabla siyo baada.

Kosa lililoniuma zaidi halihusu wadudu. Nilichukua utoto wa Pablo Neruda, yule mshairi wa Chile, kwasababu kuna kisa chake nilichokipenda mno: yuko nyuma ya nyumba, anaona tundu kwenye uzio, ghafla mkono wa mtoto mdogo unatokea, unaondoka, umeacha kondoo wa kuchezea aliyechakaa rangi, magurudumu yametoka. Yeye akakimbia ndani akachukua tunda la msonobari alilolipenda sana akaliweka pale pale. Hakumjua yule mtoto, hakumwona tena. Akawa anasema baadae kubadilishana kule kulikaa ndani yake siku zote na kuna kitu kilimfundisha kuhusu ushairi. Nilikuwa nimejipanga kwa ajili ya hiyo peji. Ila Neruda alizaliwa 1904 na mama yake alifariki miezi kama miwili tu baadae, kwahiyo nilipoanza mwanzo, saa mbili usiku, taa imepunguzwa, nikasoma tu kama habari ya kawaida, mama yake akafa. Nikaendelea. Kondoo, tundu, msonobari, hakuna aliyesikia. Mdogo alikuja kitandani kwangu saa nane usiku akanishika sikio, kunihakikisha tu kama nipo. Alifanya hivyo wiki nzima.

Utoto wa waandishi umejaa vifo, vita, njaa, kuhamahama. Sisemi uyaruke yote, watoto wakikuta umeruka wanajua, peji zinashikana. Ila vya aina hiyo soma mchana, uambie kabla hamjaanza, "humu mama wa huyu mtoto anafariki, tutafika hapo pamoja," na mkifika simama kwa muda wanaotaka wao. Nilirudia Neruda hivyo baada ya mwezi mmoja, Jumamosi asubuhi, ikawa kitabu kingine kabisa. Sasa hivi kuna tundu kwenye uzio wetu lina jiwe la duara, kifuniko cha chupa cha bluu na unyoya. Nani kaweka unyoya hatujui, na nimejizuia kuuliza.

Kuna hili pia la ukweli na uongo. Binti alikuja kuniuliza kama Beatrix Potter, yule mwandishi wa Uingereza aliyeandika hadithi ya sungura anayeitwa Peter, kweli alikuwa na sungura wanaovaa koti. Sungura alikuwa nao kweli, yeye na mdogo wake wa kiume walifuga chumbani London sungura, panya, popo, kalunguyeye, na mnyama akifa walikuwa wanamchemsha ili wachore mifupa (mwanangu wa kiume kwa hilo alimpandisha cheo hapo hapo). Koti lilikuja 1893 kwenye barua aliyomwandikia mtoto mgonjwa, na kitabu wachapaji walikikataa mpaka akachapisha nakala 250 kwa pesa yake mwaka 1901. Sasa kitabu cha picha kinachanganya haya yote peji moja, na maneno wanayosema watu ndani mara nyingi katunga mwandishi wa hicho kitabu. Mwisho huwa kuna maelezo ya herufi ndogo. Yasome wewe kwanza, usiwasomee usiku, yanaua usingizi mtamu, ila yakae kichwani ili ukiulizwa "hii ni kweli?" uwe na jibu. Na kama picha ina wanyama ambao kwenu hawapo, usiahidi kwamba mtawaona. Mi niliahidi kalunguyeye. Bado nadaiwa.

Daftari nalo nilikosea. Baada ya kitabu cha pili niliwanunulia kila mmoja daftari zuri la jalada gumu, nikasema haya andikeni mliyoyaona leo kama waandishi. Halijaandikwa kitu mpaka leo, la binti lina tarehe tu juu, imepigwa mstari kwa rula. Kilichokuja kufanya kazi ni nyuma ya karatasi zilizotumika, kalamu ikining'inia kwa kamba mlangoni, na mimi kukaa kimya. Karatasi ya kwanza kabisa iliandikwa "siafu mmoja alikua anavuta kurudi nyuma." Yule mdogo aliandikiwa na dada yake, yeye alikuwa anasema tu. Nimeibandika ukutani pembeni ya kioo.

Vitabu vitano nilisharudisha maktaba, vimechelewa, faini nimelipa. Viwili tulivyonunua vimechakaa, cha Wangari mgongo umeachia na kinajifungua chenyewe kwenye mayai ya chura. Juzi nimepita mlangoni kwao nikasikia binti anamsomea mdogo wake, anaigiza sauti yangu kabisa, ila vizuri kuliko mimi. Kafika kwenye viluwiluwi, akasema haya imeisha, akafunga.

Mdogo akauliza, "afu akawa nani?"

"Sijui," dada yake akamjibu. "Bado mdogo."